Kiti cha Kushoto

Temirkul wa Kochkor ana jina jingine ambalo hakulichagua yeye: Baba Makaa. Madereva wenzake walioondoka naye asubuhi huwa wameshafika stendi ya mji mkuu, Bishkek, wameshakunywa chai, wameshasinzia na wameshapakia abiria wa kurudi, ndipo yeye anapoingia. Gari lake ni jeusi kuanzia taa za mbele mpaka buti, na abiria wake wanashuka wakijipangusa nyuso utadhani wametoka mgodini. Sababu ni moja tu. Temirkul halipiti lori. Akilikuta lori la makaa ya mawe linapanda mlima kwa mwendo wa punda, atakaa nyuma yake akilamba vumbi mpaka lori lenyewe likate kona liende zake, au dereva wake asimame kukojoa.

"Baba Makaa, hilo lori la mjomba wako nini?" abiria humwuliza.

"Ovateki bwana, sisi tunawahi maziko!"

"Mwacheni. Mwenzenu anapenda harufu."

Yeye hucheka kidogo, anapangusa kioo, anakaa palepale. Ingekuwa mimi ningewashusha wote njiani waende kwa miguu. Lakini yeye hana ubavu wa kumjibu mtu, na sababu yake anayo.

Kwanza niseme habari ya usukani, maana bila usukani kisa hiki hakieleweki. Wajapani mambo yao yamekaa sawa: gari zao hupita upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kulia, dereva anakaa katikati ya njia na anaona mbele. Sisi tunapita kulia. Ila gari la usukani wa kushoto bei yake si ya watu wa Kochkor, basi tunanunua yale waliyoyachoka Wajapani na kuyaendesha hivyohivyo. Dereva anajikuta amekaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila mgongo wa lori. Anayeona ni yule wa kiti cha kushoto. Ndiyo maana kwetu hakuna anayekaa kiti hicho bure. Ukikaa hapo umeshaajiriwa: unainamisha kichwa dirishani, unatazama, unasema. Dereva anakuuliza, "Vipi?" Wewe unajibu "Tupu," au unajibu "Ngoja." Jirani zetu wa Almaty walishayapiga marufuku magari haya, na wakija huku wanatucheka, eti nyie gari moja mnaendesha watu wawili. Wacha wacheke. Sisi tumezoea.

Jicho la Temirkul lilikuwa mkewe, Anarkan. Miaka kumi na mmoja alikaa kiti cha kushoto, mbegu za alizeti kiganjani, akitafuna na kutema maganda kwenye kikopo, huku anatazama. Hakuwa na maneno mengi barabarani. "Tupu." "Ngoja." "Ngoja, kuna trekta." "Haya, tupu sasa, pita." Gari lao lilikuwa bado lina sauti ya mwanamke wa Kijapani iliyowekwa humo kiwandani, na kila likiwashwa sauti hiyo husema maneno ya adabu ambayo mpaka leo hakuna aliyejua maana yake. Anarkan alikuwa anamjibu. "Salama, dada. Na wewe habari za kwenu?" Abiria wakafa kwa kicheko. Mkanda hakuwahi kufunga. Kwetu kufunga mkanda mbele ya dereva ni kumwambia usoni kwamba humwamini, sasa mke gani atamfanyia hivyo mumewe?

Siku yenyewe ilikuwa Oktoba ya mwaka juzi. Walikuwa wawili tu garini, wanakwenda harusini Balykchy, na wamechelewa. Binti yao, Begimai, alikuwa ameshatangulia na bibi yake. Pale kwenye kituo cha mafuta Temirkul alikutana na madereva wenzake, na mmoja wao, mwenye mdomo mchafu, akamsalimia Anarkan kwanza. "Shikamoo dereva!" Halafu akamgeukia mume. "Na wewe utingo, hujambo?" Wote wakaangua kicheko. Anarkan naye akacheka, maana alipenda utani. Temirkul alicheka kwa meno. Neno lile lilimwingia moyoni. Mtu mzima, ndevu zimeota mvi, anaitwa utingo wa mkewe.

Kilomita ishirini mbele wakalikuta lori. Lilikuwa na turubai lililochanika na makaa yanamwagika kila tuta. Akauliza kama kawaida yake, "Vipi?"

"Ngoja," Anarkan akasema.

Akangoja. Akahesabu moyoni mpaka kumi. Kile kicheko cha kituo cha mafuta bado kilikuwa kinamlia masikioni. "Vipi?"

"Ngoja."

Basi hakungoja. Hakuwa na sababu nyingine, nawaambia ukweli. Harusi haikuwa na haraka hiyo, na barabara hakuwa anaiona. Alitaka tu, mara moja katika miaka kumi na mmoja, aamue yeye. Akakata usukani, akakanyaga mafuta, na gari dogo jeupe lilikuwa pale pale.

Pembe ya kushoto ndiyo iliyopigwa. Temirkul alitoka na mfupa wa bega uliovunjika na mkwaruzo wa kipaji cha uso ambao ungepona kwa bandeji moja. Anarkan alikufa kabla lori halijasimama. Katika gari jeupe alikufa kijana wa miaka ishirini na mbili, Erjigit, aliyekuwa anampelekea shangazi yake samaki.

Sasa sikieni jambo baya zaidi, maana ajali ni ajali, Mungu anazijua.

Hospitalini, kwenye ukumbi, mama yake Anarkan alifika akiwa bado amevaa nguo za harusi. Bibi huyu anaitwa Batmakan. Hakulia. Alimshika mkwewe mkono mzima, akamtazama, akauliza kitu kimoja tu.

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

Temirkul anaapa mpaka leo kwamba alifungua mdomo kusema kweli. Lakini nyuma ya bibi alimwona trafiki na daftari lake. Nyuma ya trafiki alimwona mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya ameegemea ukuta, na bila kuambiwa alijua ni baba wa yule kijana. Ulimi hauna mfupa.

"Alisema tupu," akajibu. "Alisema, tupu, pita."

Bibi Batmakan akajipiga kifua. "Ulimi wake! Mwanangu, ulimi wako umekuua!"

Trafiki akaandika. Mzee wa kofia akainamisha kichwa. Wote waliamini, kwa nini wasiamini? Nchi nzima tunaendeshwa na kiti cha kushoto. Wazee wa pande mbili walikaa wakapatana, kwa kuwa mwenye kosa ameshajiadhibu mwenyewe, na mume amebaki na yatima. Kesi ikaisha. Watu wakampa Temirkul pole, wakamletea kondoo, wakamwambia ajikaze.

Alipopona alinunua gari jingine, usukani kulia tena, uwezo ndio huohuo. Na hili nalo lilikuwa na mwanamke wake wa Kijapani. Siku ya kwanza kuliwasha, yule mwanamke aliposema maneno yake, Temirkul alikaa kimya akisubiri mtu ajibu. Akalia peke yake mpaka mafuta yakapungua.

Na alipoingia barabarani, akalifikia lori la kwanza, akasikia.

"Ngoja."

Halikuwa jini, wala sauti ya makaburini. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu mwenye mbegu za alizeti mdomoni. Ilitoka kushoto kwake. Alitazama, kiti kitupu. Alisubiri kidogo, akajaribu tena kutoa pua ya gari. "Ngoja." Siku hiyo alikaa nyuma ya lori kilomita sabini, na tangu siku hiyo hajalipita lori lolote. Abiria akikaa kiti cha kushoto, sauti inatoka palepale, chini ya sauti ya abiria. Abiria anasema tupu, yeye anasikia ngoja. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Angelazimika kueleza kwa nini marehemu anasema ngoja, na si tupu.

Hilo angelivumilia. Mtu anaweza kuishi na mzimu wa mtu aliyempenda, wengine hata huufurahia. Lililomtafuna ni jina. Kwetu jambo likitokea linageuka msemo kabla kaburi halijakauka. Alikuwa sokoni ananunua viazi akamsikia dereva mmoja anamwambia mkewe anapopanda gari, "Utazame vizuri mama, usije ukawa Anarkan." Mke akajibu, "Aku! Mimi nina macho." Wakacheka, wakaondoka. Wale hata hawakumjua Anarkan. Baadaye akausikia msemo huo Naryn, na tena Bishkek, mdomoni mwa mtoto. Siku nyingine Begimai alirudi kutoka shuleni uso umevimba, kapigana. Hakusema kwa nini, na baba hakuuliza, kwa kuwa alijua.

Kuna mzee mmoja Mjerumani alipata kupanda gari lake, anakwenda milimani kutazama farasi. Alikaa kiti cha kushoto, akafunga mkanda, tena akauvuta kuhakikisha. Temirkul akaumia kidogo. Walipolifikia lori, abiria wa nyuma wakapiga kelele, "Mwulize huyo mzee, atakutazamia!" Mjerumani alipofahamishwa akatikisa kichwa, akasema kwa Kirusi chake cha kuvunjika: "Mimi abiria. Kwetu hata malaika akisema pita, aliyepita ni dereva. Dereva peke yake."

Abiria wakamcheka mpaka machozi. "Kumbe Ujerumani watu wanaendesha peke yao, maskini!"

Temirkul hakucheka. Maneno yale alitembea nayo wiki nzima.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ikabidi kuandaa karamu kubwa ya kumbukumbu, ile ya kumaliza matanga. Ndipo Bibi Batmakan alipomwita mkwewe nyumbani kwake. Alimkuta ameketi juu ya zulia la manyoya ya kondoo, jekundu na jeusi, alilolishona kwa mikono yake miezi kumi na mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano.

"Baba Begimai," akasema, "Jumamosi utanipeleka kwa wazazi wa yule kijana."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kuomba radhi. Zulia hili lao. Tangu arobaini mimi sijakwenda kaburini kwa mwanangu, unajua?"

"Najua, Mama. Nilidhani miguu."

"Miguu gani? Miguu yangu mizima. Siwezi kuinua mikono kumwombea mtu aliyeacha damu ya watu. Nikianza kusema Mungu mrehemu, roho inanijibu, na yule kijana je? Ana mama naye. Wanangu wote mimi ndiye niliyewafundisha kusema. Huyu nilimfundisha vibaya."

"Usiseme hivyo, Mama."

"Nisemeje? Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Wewe si ndiye uliyeniambia?"

Hapo Temirkul alikuwa na nafasi. Walikuwa wawili, mlango umefungwa, chai ipo. Akainama, akasema, "Jumamosi saa tatu nitakuja, Mama." Aibu yake! Ningekuwapo ningemtandika.

Jumamosi bibi alitoka na kilemba cheupe, zulia likaingizwa nyuma, na kapu la maandazi ya boorsok juu yake. Temirkul akafungua mlango wa nyuma. Bibi akampita, akafungua mwenyewe mlango wa kushoto mbele, akakaa.

"Mama, nyuma kuna nafasi nzuri, utanyoosha miguu."

"Mkubwa hukaa mbele. Au mmebadilisha?"

Walipopita makaburi ya Kochkor, pale kilimani kando ya barabara, Temirkul aliachia usukani kama tunavyofanya wote, akainua viganja, akajipangusa uso kwa omin, ile amina yetu. Bibi alitazama mbele, mikono juu ya magoti. Alimpita mwanawe hivyohivyo, kama anayempita mtu asiyesalimiana naye.

Lori walilikuta karibu na bwawa. Magari ya nyuma yao yalikuwa yanawapita moja moja, yanapiga honi, madereva wanachungulia kumtukana. Temirkul akakaa. Halafu vumbi likaanza kuingia.

"Mbona hupiti?"

"Sioni, Mama."

"Hebu." Akainamisha kichwa dirishani, kilemba kikagusa kioo. Akatazama muda mrefu, mwanamke mwangalifu. "Tupu. Hakuna kitu mpaka kule kwenye mlima. Pita."

"Ngoja," ikasema sauti, kutoka kiti kilekile.

Temirkul akapunguza mafuta. Kando yake mama anasema tupu na binti anasema ngoja, na wote wawili wana sauti moja, maana Anarkan alichukua sauti ya mama yake.

"Tupu nimekwambia!"

"Siwezi, Mama."

Bibi akarudisha kichwa, akamtazama. Taratibu macho yake yakajaa.

"Sikulaumu," akasema. "Ulimi wa mtoto ulikuponza, utauaminije wa mama?"

Akalia kimya, makaa yakiangukia kioo. Temirkul alijua akisema kweli, bibi atamchukua Begimai, na watu watamtemea mate, na itakuwa haki. Akaendelea kulifuata lori. Wahenga wanasema njia ya mwongo fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ya vumbi.

Nyumba ilikuwa katika kijiji kimoja kando ya ziwa, lango la buluu, uani samaki wametundikwa kukauka. Mzee Dosmambet, yule wa kofia ya manyoya, aliwapokea kwa heshima zote. Mkewe, Ryskul, alikuwa mwembamba, macho makavu. Kitambaa kikatandikwa, mkate ukamegwa, chai ikamiminwa nusu kikombe. Wakaulizana habari za mifugo, za baridi, za njia.

"Mmechelewa," Dosmambet akasema. "Njia mbaya?"

"Malori," Temirkul akajibu.

Bibi Batmakan hakutaka kuzunguka. Aliomba zulia liletwe, akalikunjua mbele ya Ryskul, halafu, mwanamke wa miaka sabini na mbili, akashuka kwenye godoro la heshima alilokalishwa, akapiga magoti sakafuni.

"Mama mwenzangu, sikuja na jambo dogo. Nimekuja kwa ajili ya ulimi wa mwanangu. Alisema tupu na palikuwa na mtu. Mtu mwenyewe ni mwanao. Yeye hawezi kuja kuomba, nimekuja mimi niliyemzaa. Ukiweza, msamehe. Ukishindwa, nitalaani siku niliyomzaa lakini sitakulaumu."

"Inuka mama, inuka," Dosmambet akasema, akamshika bega.

Ryskul hakumwinua. "Unajua mimi namfanyia nini mwanao?" akasema. "Kila alfajiri nikishaswali namtaja kwa jina. Anarkan. Namwambia Mungu, yule mwanamke usimpe nafasi, usimpe mwanga. Sijawahi kuacha siku hata moja. Najua ni dhambi. Nimezoea, sasa siwezi kulala bila kumlaani."

"Basi mlaani," Bibi Batmakan akasema, kichwa chini. "Mimi mwenyewe sijamwombea."

Wanawake wawili wakalia, huyu kaushika mkono wa huyu, na katikati yao alikuwa Anarkan, aliyekataliwa na mama wawili kwa mara moja. Temirkul alitazama hilo. Wala haikumjia tena hofu ya Begimai, wala ya mate ya watu. Alichoona ni kwamba mkewe hana mtu hata mmoja duniani wala ahera, na kwamba yeye ndiye aliyemwacha hivyo.

"Alisema ngoja."

Sauti ya Temirkul ilitoka ndogo, hawakuisikia vizuri.

"Nini?" Dosmambet akauliza.

"Alisema ngoja. Nilimwuliza mara mbili. Mara mbili alisema ngoja. Mimi ndiye niliyepita."

Birika lilikuwa linachemka jikoni, hakuna aliyekwenda kuliepua.

"Kwa nini ulipita?" Ryskul akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia.

"Walinicheka. Kituo cha mafuta. Waliniita utingo."

"Walikucheka," Ryskul akarudia.

Dosmambet akasimama. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana hospitalini. Mikono yake ilifunga ngumi, ikafungua, ikafunga. "Umeonja mkate wangu," akasema. "Ungesema kabla ya mkate, ningekuzika hapo uani chini ya samaki. Toka. Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni mgeni."

Temirkul alikwenda akasimama nje ya lango. Ndani alisikia sauti ya Ryskul, lakini si maneno. Baada ya muda mrefu Bibi Batmakan akatoka, bila zulia. Ryskul alimsindikiza mpaka langoni, wakakumbatiana kama dada, na Ryskul akamwambia kitu sikioni. Bibi hakumtazama mkwewe. Alipita mlango wa kushoto mbele, akafungua wa nyuma, akakaa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo hawezi kumwona hata kwenye kioo.

Wakashika njia kurudi Kochkor. Temirkul alisubiri atukanwe, apigwe hata ngumi moja ya kisogoni. Hakupewa. Jua lilikuwa linaegemea milima walipoyafikia makaburi.

"Simama."

Akasimama. Bibi akashuka, akakiweka sawa kilemba chake, akaanza kukipanda kilima. Temirkul naye akafungua mlango, akaweka mguu nje.

"Kaa humo humo," bibi akasema bila kugeuka. Halafu akageuka. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. "Ulinipa neno lako mwenyewe ukaniambia ni la mwanangu. Nimelala nalo mwaka mzima."

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Begimai utamwambia mwenyewe, leo, na mimi nitakuwa mlangoni nasikia, usije ukakosea tena. Akitaka kubaki kwako atabaki. Akitaka kuja kwangu, hutamzuia."

"Sitamzuia."

"Na mimi niache sasa. Nimefunga safari kwenda kumwombea mtoto radhi kwa watu. Kumbe mwenye kuomba radhi ni mimi, na wa kumwomba ni yeye."

Akapanda, akishika ua wa chuma wa kaburi hili na lile. Temirkul alikaa kwenye usukani, kioo kimeteremshwa. Alimwona bibi anafika, anasimama kidogo kama mtu mlangoni kwa watu asiyejua kama atafunguliwa. Halafu akaketi chini kabisa, kwenye udongo, akaweka viganja vyote viwili juu ya kaburi. Upepo ulikuwa unavuma kuja barabarani, ukaleta sauti.

"Mwanangu. Mama yako huyu. Mwaka mzima nimekununia."